Dhima kwa Matendo ya Mashine Zinazojiendesha: Historia ya Wazo na Tatizo la Istilahi

Utangulizi

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mwenendo wa mahakama. Tangu hapo kazi ya istilahi za sheria imepata uzito mpya. Neno linalochaguliwa na mfasiri ofisini litasomwa na hakimu mahakamani, na tofauti baina ya neno hilo na jirani yake yaweza kuwa tofauti baina ya mjane anayelipwa na mjane asiyelipwa. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hili kwa mfano mmoja, yaani dhima kwa matendo ya roboti na mashine nyingine zinazojiendesha.

Wengi hudhani kwamba suala hili limezaliwa juzi pamoja na kompyuta. Sivyo. Sheria za mataifa mbalimbali zimelikabili kwa muda mrefu, mara kwa sura ya mnyama, mara kwa sura ya mtego, mara kwa sura ya boila ya mvuke. Hoja yetu ni kwamba kila mara kitu kilipoonekana kutenda chenyewe, sheria ilishawishika kuishia kwenye kitu hicho. Na kila mara haki haikupatikana mpaka sheria iliporudi kumtafuta mtu. Istilahi zetu hazina budi kuiachia sheria njia hiyo ya kurudi.

"Na" au "kwa"?

Tuanze na sarufi, maana ndiko mfasiri anakoanzia. Kiswahili hutenga mtenda na kifaa kwa maneno mawili madogo. Twasema: "aliuawa na askari", lakini "aliuawa kwa bunduki". Askari alitenda, bunduki ilitumika. Je, mfanyakazi aliyepigwa na mkono wa roboti kiwandani, aliuawa na roboti au kwa roboti?

Msemaji wa kawaida atajibu upesi: na roboti. Wala hakosei. Kiswahili hutumia "na" kwa kila kinachokwenda kwa nguvu zake: mtu huchukuliwa na maji, hupigwa na radi, hugongwa na gari. Lakini sentensi "aligongwa na gari" haijamaliza kazi ya mahakama. Hakimu huuliza mara moja: nani alikuwa akiliendesha? Kwa gari la kawaida swali hilo lina jibu, na kwa hiyo upungufu wa sentensi hautudhuru. Kwa mashine inayojiendesha, kiti cha dereva ki tupu, na hapo sentensi isiyomtaja mtu inaweza kuzaa hukumu isiyomtaja mtu.

Mtego na mwenye mtego

Neno letu la zamani kwa mashine ni mtambo. Kabla halijatumika kwa mitambo ya umeme na ya maji, neno hili lilitumika kwa kifyatulio: mtambo wa bunduki, mtambo wa mtego. Asili hiyo yafaa kukumbukwa, kwa kuwa mtego ni mashine inayofanya kazi na mwenyewe amelala. Mtegaji hamjui atakayenaswa, na wahenga walilisema hilo waziwazi: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Mahakama za Uingereza zilibishania jambo hili hili mwanzoni mwa karne ya 19. Wenye mashamba walikuwa wakitega bunduki zilizofungwa kamba, ili mwizi akiigusa kamba ajipige risasi mwenyewe. Mwaka 1820 mahakama iliamua kwamba mtu aliyeingia msituni akijua kuwa mna bunduki za namna hiyo hawezi kudai fidia. Baadaye karibu na mji wa Bristol, kijana mmoja aliruka ukuta wa bustani ya maua akimfuata tausi wa jirani aliyepotea, akapigwa risasi gotini. Hapakuwa na tangazo lolote la kumwonya. Mwaka 1827 Bunge lilipiga marufuku mitego hiyo, isipokuwa ndani ya nyumba ya kuishi wakati wa usiku, na mwaka 1828 mahakama ikampa yule kijana haki yake katika kesi ya Bird dhidi ya Holbrook.

Katika kesi hiyo hakuna mkono uliovuta kifyatulio. Hata hivyo mahakama haikusema kwamba bunduki ndiyo iliyompiga kijana. Ilimrudia aliyeitega.

Watu wa pwani waliosoma fiqhi hawatashangazwa na hukumu hiyo. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kumtenga zamani atendaye kwa mkono wake na asababishaye kwa njia ya mbali, na mfano wao mashuhuri ni wa mtu anayechimba kisima katika njia ya watu wote: apitaye akitumbukia, mchimbaji hudaiwa dhamana. Kitenzi chetu "kusababisha" na jina letu "dhamana" vimetoka katika msamiati huo huo wa Kiarabu. Tuna maneno, basi, na maneno hayo yana historia. Tunachotakiwa ni kuyatumia kwa makini.

Kitu kilichohukumiwa

Njia ya pili ambayo sheria ilijaribu ni kukihukumu kitu chenyewe. Torati, katika kitabu cha Kutoka, yaagiza kwamba ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe apigwe mawe. Mwenyewe huachiliwa, isipokuwa kama alijua tangu awali kwamba mnyama wake ana tabia hiyo naye asimzuie. Tazama jinsi sheria hiyo ya kale ilivyokwisha kuuliza swali linaloulizwa leo juu ya kila mashine: mwenyewe alijua nini, na lini?

Huko Uingereza palikuwa na desturi iliyoitwa deodandi, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu cha kupewa Mungu. Gari la farasi, mti au gurudumu la kinu likimuua mtu, jopo la raia lililochunguza kifo lilikikadiria thamani kitu hicho, na thamani hiyo ikawa mali ya Taji au ya mtu aliyepewa haki hiyo na Taji. Kwa karne nyingi desturi hii haikumsumbua mtu sana, maana gurudumu thamani yake ni ndogo.

Kisha ikaja reli. Tarehe 24 Desemba 1841 treni ya kampuni ya Great Western iliparamia udongo ulioporomoka kutokana na mvua, mahali paitwapo Sonning, na watu tisa wakapoteza maisha. Jopo liliitoza injini na mabehewa yake deodandi ya pauni 1,000. Hapo ndipo wenye reli waliposhtuka. Lakini tusisahau upande wa wafiwa: fedha hizo kisheria hazikuwa zao. Injini ilikutwa na hatia, na yatima hawakuwa na dai juu ya senti hata moja. Mwaka 1846 Bunge lilitunga sheria mbili: moja iliifuta deodandi, ya pili iliwapa jamaa za marehemu haki ya kumshtaki mtu ambaye kosa lake lilisababisha kifo. Sheria ilihama kutoka kwenye kitu hadi kwa mtu.

Boila, kosa na dhima

Hata hivyo uhamisho huo ulileta taabu nyingine. Mjane sasa aliweza kushtaki, lakini ilimpasa kuthibitisha kosa. Boila ikipasuka kwa ufa uliofichika ndani ya chuma, nani amekosa? Mwenye kiwanda aliinunua kwa nia njema, msimamizi aliikagua, mfua chuma hajulikani. Kila mmoja ana udhuru, na mzigo wote humwangukia aliyeumia.

Hapa tunafikia tofauti ambayo wafasiri wetu aghalabu huichanganya, yaani ile iliyopo baina ya hatia, kosa na dhima. Hatia ni hali ya mtu aliyethibitika kutenda jinai. Kosa ni tendo au uzembe unaokwenda kinyume cha wajibu. Dhima ni kule kupaswa kubeba matokeo na kulipa. Mwenye hatia huwa na dhima mara nyingi, lakini mwenye dhima si lazima awe na hatia. Karne ya 19 ilitumika kwa kiasi kikubwa kuvitenga vitu hivi viwili.

Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 1884 iliweka bima ya ajali kwa wafanyakazi wa viwandani bila ya kuuliza kosa ni la nani. Uingereza ilifuata kwa sheria yake ya fidia ya mwaka 1897. Nchini Ufaransa, fundi mmoja wa mashine alikufa boila ya meli ndogo ya kuvuta nyingine ilipopasuka. Tarehe 16 Juni 1896 mahakama kuu ya rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye meli alipaswa kulipa, hata kama kasoro ya chuma haikuweza kuonekana, kwa sababu kitu kilikuwa katika ulinzi wake. Tarehe 13 Februari 1930, katika kesi ya msichana aliyegongwa na lori mjini Belfort, mahakama hiyo hiyo iliendelea zaidi: ilisema kwamba haidhuru kama kitu kiliendeshwa kwa mkono wa mtu ama sivyo, aliye na kitu katika ulinzi wake ana dhima ya madhara yake.

Tanzania nayo imo katika historia hii. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, imejengwa juu ya msingi huo huo: mfanyakazi aliyeumia kazini hulipwa kwa sababu ameumia kazini, wala halazimiki kwanza kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "hatia ya mwajiri" mahali panapotakiwa "dhima ya mwajiri" hajakosea mtindo tu. Amemrudishia mlemavu mzigo ambao sheria ilikwisha kumtua.

Roboti

Neno roboti lilitoka jukwaani. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitumia katika tamthilia yake R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuonyeshwa Prague mwaka 1921. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyempa neno hilo ni ndugu yake, Josef. Limetokana na neno la Kicheki robota, ambalo ni kazi ya lazima aliyodaiwa mkulima na bwana wa ardhi. Kiswahili kina neno linalokaribiana nalo sana, nalo ni shokoa. Roboti, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa shokoa.

Asili hiyo imewavuta baadhi ya wanasheria kumlinganisha roboti na mtumwa wa Roma ya kale. Sheria ya Kirumi ilisema kwamba mtumwa akimdhuru mtu, bwana wake achague: ama alipe, ama amtoe mtumwa kwa aliyedhuriwa. Ulinganisho huu una faida yake, lakini una hatari pia. Mtumwa alikuwa binadamu, mwenye akili na uchungu, ambaye sheria ilimfanya kitu kwa dhuluma. Roboti ni kitu, ambacho msamiati wetu waweza kukifanya mtu kwa uzembe. Makosa hayo mawili hayafanani, ingawa yote huanzia katika jina.

Mwezi Januari 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, jimbo la Michigan, Marekani, kijana wa miaka 25 alipanda kwenye rafu za kuhifadhia vipuri, akapigwa kichwani na mkono wa mashine iliyokuwa ikichukua vipuri yenyewe. Alikufa pale pale. Magazeti yalimtaja kuwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti. Mahakamani familia yake haikuishtaki roboti. Ilimshtaki mtengenezaji, kwa madai kwamba mashine haikuwekewa kinga za kutosha kwa watu walioizunguka, na mwaka 1983 jopo la raia liliamuru familia ilipwe dola milioni 10. Gazeti lilitumia "na". Mahakama ikatafuta mtu.

Gari lisilo na dereva

Jaribio gumu zaidi lilikuja usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, likijiendesha, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilipochunguza ilikuta kwamba mitambo ya gari ilikuwa imemwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lakini ilimpa majina tofauti tofauti: mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ilipombadilishia jina, ilianza upya kukadiria anakokwenda. Breki ya dharura aliyoiweka mtengenezaji wa gari ilikuwa imezimwa wakati gari likijiendesha. Aliyeajiriwa kukaa kitini na kuliangalia gari alikuwa akitazama simu.

Kampuni ilifikia suluhu na familia ya marehemu. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka 2020 aliyeshtakiwa ni yule mwajiriwa wa kitini. Mwaka 2023 alikiri kosa dogo zaidi la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Kazi waliyogawana wahandisi, mameneja na mitambo, hatia yake ilimwangukia mtu wa mshahara aliyekuwa karibu zaidi na usukani. Sheria ilimtafuta mtu, naam, lakini ilimkamata wa kwanza kuonekana.

Uingereza ilijaribu kuziba pengo hilo kwa Sheria ya Magari Yanayojiendesha ya mwaka 2024. Kwa sheria hiyo, gari haliruhusiwi kuhesabiwa kuwa linajiendesha mpaka pawepo kampuni iliyoidhinishwa ambayo itajibu kwa jinsi linavyojiendesha. Na anayekaa ndani hashtakiwi kwa makosa ya uendeshaji yaliyotokea gari likijiendesha. Yaani kiti cha dereva kimepewa mwenyewe kabla gari halijatoka barabarani.

Je, roboti iwe mtu wa kisheria?

Tarehe 16 Februari 2017 Bunge la Ulaya liliishauri Tume ya Ulaya ifikirie kuzipa roboti za hali ya juu kabisa hadhi ya "mtu wa kielektroniki", ili ziweze kubeba dhima ya madhara yake. Mwaka 2018 wataalamu wengi wa sheria na wa roboti waliandika barua ya wazi kulipinga wazo hilo, na mwaka 2020 Bunge hilo hilo lilisema kwamba hapana haja ya kuipa mitambo hiyo hadhi ya mtu. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu bidhaa zenye kasoro ilifuata njia nyingine: ilitamka kwamba programu ya kompyuta ni bidhaa, hivyo mtengenezaji wake ana dhima kama mtengenezaji wa boila, nchi wanachama zikipewa hadi tarehe 9 Desemba 2026 kuiingiza katika sheria zao.

Watetezi wa wazo la mwaka 2017 wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Wanasema: kampuni nayo si binadamu, mbona sheria imeifanya mtu? Na sarufi yetu yaweza kuwaunga mkono: twasema "kampuni imeshtakiwa", kwa upatanisho wa vitu, bila ya kuizuia kuwa mtu mbele ya hakimu. Kwa hiyo ngeli peke yake haiamui jambo hili.

Linaloliamua ni lile neno dhima. Katika fiqhi, dhima ni kama chombo ndani ya mtu ambamo haki na madeni huwekwa. Asiye na chombo hicho hawezi kudaiwa. Kampuni imepewa chombo: ina mali, ina wakurugenzi, ina hesabu zinazokaguliwa. Roboti haina mfuko. Tukiibebesha dhima bila ya mali tutakuwa tumeirudisha ile injini ya Sonning: kitu chenye lawama, na yatima mikono mitupu. Na tukiiwekea mali, mali hiyo itatoka kwa mtu. Basi afadhali mtu huyo atajwe kwa jina lake.

Istilahi tunazopendekeza

Kutokana na maelezo hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo, tukiyaweka mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ili wayajadili.

Kwanza, usemi "dhima ya roboti" uepukwe katika maandishi ya sheria. Kiunganishi cha -a kina maana mbili hapa, kama vile "hofu ya simba" yaweza kuwa hofu aliyo nayo simba au hofu ya mtu kwa simba. Tuseme "dhima kwa matendo ya roboti", kisha tumtaje mwenye dhima.

Pili, "hatia" ibaki katika jinai, na "dhima" itumike kwa upana wa kubeba matokeo. Pale ambapo sheria haiulizi kosa, tuseme "dhima isiyotegemea kosa". Usemi huo ni mrefu, lakini hauhitaji kufasiriwa mara ya pili.

Tatu, watu wanne watengwe: mtengenezaji, aliyeiunda mashine au programu yake, mwenye mashine, ambaye ni mali yake, mwendeshaji, anayeitumia kazini na kufaidi kazi yake, na mwangalizi, aliyewekwa kuitazama. Neno "mhusika", ambalo limezoeleka mno katika nyaraka, huwafunika wote wanne, na aliye dhaifu miongoni mwao ndiye hufunuliwa kwanza.

Nne, "mashine inayojiendesha" itoshe kwa mashine isiyongoja amri ya mtu kwa kila tendo. "Mashine inayojiamulia" isitumike katika sheria, maana huingiza uamuzi, na uamuzi huleta mwamuzi. Kwa sababu hiyo hiyo roboti ipatanishwe kama kitu, "roboti ilimjeruhi", ingawa watoto na wasimulizi wana ruhusa ya kusema "alimjeruhi".

Tano, sentensi ya sheria yenye "na roboti" isiachwe peke yake. Ifuatwe na jina la anayejibu.

Hitimisho

Viwanda, bandari na barabara za Afrika Mashariki zitapokea mashine hizi zikiwa zimekwisha kuundwa kwingine, pamoja na mikataba yake. Mfasiri atakuwa mmoja wa watu wa kwanza kuisoma mikataba hiyo. Akikuta humo sentensi ambayo ndani yake mashine hutenda, hukosea na huamua, wala hapana mtu anayejibu, ajue kwamba sentensi hiyo imeandikwa hivyo kwa faida ya mtu fulani. Aitafsiri kwa uaminifu. Kisha, pembeni, amwulize aliyempa kazi: mwenye mtego ni nani?